Nguo Saba Bila Jina la Fundi

Hadija mwanangu,

Kwa heshima na taadhima, mimi Rajabu, fundi cherehani wa Nyamirambo na baba yako mzazi, natangaza mbele ya cherehani mbili, paka mmoja na mama yako aliyeko jikoni kwamba leo, baada ya sala ya alasiri, kazi kubwa imekamilika: nimefumua lebo zote shingoni mwa nguo zako. Nguo ni saba. Sita nilizishona mwenyewe, na lebo niliyoitoa ni ile nyekundu yenye jina langu kwa uzi wa manjano, ile niliyoagiza kutoka Bujumbura nikajiona nimekuwa mtu. Ya saba ni lile sweta la mitumba. Lilikuwa na lebo tatu. Sijui wenzetu waliolishona waliogopa nini, labda sweta litasahau kwao. Zote zimetoka, na nimepitisha kidole kwenye kila shingo mara mbili. Paka hakutoa maoni. Mama yako alisema, "Umemaliza? Basi njoo uniinulie hii sufuria."

Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku, ya kutokaa dirishani kwenye taksi ya kesho ya kwenda chuoni Butare kwa sababu ya vumbi, mama yako ameyasema na bado anayasema; nayasikia mpaka huku. Nimemwachia. Mimi nina jambo moja tu, na wiki nzima nimelizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ni ile fomu ya chuo. Tulijaza pamoja, unakumbuka, jina lako, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba, ambapo sikupata shida. Ukabaki mstari mmoja, ule unaouliza kama mwanafunzi ana ugonjwa au ulemavu wowote ambao chuo kinapaswa kuujua. Karani aliyetupa fomu alituambia kwamba anayeandika kitu pale anaweza kupewa chumba cha watu wawili badala ya bweni la watu kumi na wawili, na siku ya mtihani akakaa peke yake mahali pa utulivu. Wewe ukajibu hapohapo, ukitazama meza yake, "Sitaki. Nilishafungiwa stoo ya chaki, inatosha." Karani akanitazama mimi. Mimi nikatazama kofia yangu.

Tangu siku ile sijalala vizuri, Hadija. Nitakueleza kwa nini, ila naomba unisubiri, maana mimi nikisema jambo zito huanza mbali, kama mtu anayepiga pasi suruali kuanzia kwenye pindo la chini.

Kwanza nikiri kwamba sijui una nini. Miaka ishirini nakutazama na sijui. Hata neno "una nini" silipendi, kwa sababu siku nyingine naona ni sisi tulio na kitu. Kuna mtoto aliyesimama hapa mezani akiwa na miaka kumi na moja, nimetandaza mita tatu za kitambaa cha koti la mteja na kupanga vipande vyote nikiwa tayari na mkasi, akasema, "Baba, geuza mkono wa kushoto uukalishe juu ya kola, utabakiwa na nusu mita." Nikacheka. Nikageuza ili nimwoneshe kosa lake. Nusu mita ikabaki. Sasa mtoto huyohuyo ukimwambia aende kwa muuza vifungo achukue vyeusi sita, apitie kwa shangazi amwambie tutakuja kesho, arudi na mkasi mdogo, anarudi na mkasi mdogo tu, na machozi. Nimeshona suti za maharusi na kanzu za mashehe, lakini mshono huu sikuwahi kujua unaanzia wapi.

Tulijaribu yote. Ulikunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, mwezi mzima, na kilichobadilika ni kwamba uliizoea ladha yake. Daktari alimulika masikio yako akasema ni safi kuliko ya kwangu, jambo ambalo sikumwomba alichunguze. Bibi yako alisema ni kijicho. Jirani akasema ni uvivu. Ajabu ni kwamba lile jambo lililokuwa geni kuliko yote watu walitusifia. Huku kwetu binti asiyemtazama mtu mzima machoni ana adabu, kwa hiyo wageni waliingia, wewe ukatazama ukuta, wakasema, "Baba Hadija, huyu mmemlea." Mama yako alikuwa anapokea sifa hizo kwa unyenyekevu mkubwa. Hatukufundisha chochote.

Sasa nikukumbushe ile kola. Ulikuwa na miaka saba, unaanza shule. Sare za watoto wengine zilishonwa haraka-haraka. Mimi nikasema mtoto wa fundi ataingia darasani kama waziri. Nikakata kola kwa kipimo, nikaitia kitambaa kigumu cha ndani ambacho huwa nawekea makoti ya wanaume, nikaipiga pasi ikasimama yenyewe. Asubuhi ulipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikakukuta umekaa chini ya meza hii na mkasi wangu mkubwa, ule usioruhusiwa hata kuguswa, umeshaikata kola yote. Nilichukua rula ya mbao nikakupiga. Nilidhani umeitukana kazi yangu. Jioni mama yako alikuwa anakuogesha, akaniita. Shingo yako nzima ilikuwa nyekundu kama imesuguliwa kwa msasa. Akaniambia, "Tazama ulichokuwa unampigia." Nikasema ni joto.

Hapana, si kweli kwamba nilisema ni joto. Nilirudi dukani. Ya joto nilisema kesho yake, bibi yako alipouliza. Naona nimeanza kuzoea kusahihisha; nivumilie, nitaendelea.

Na kuna jambo la mimi mwenyewe. Watu wa Nyamirambo hupenda kusimulia jinsi Rajabu alivyopenda ushonaji tangu utotoni, akaacha masomo kwa mapenzi ya kazi. Hata mimi nimelisimulia, kwenye harusi, mikono ikiwa na mafuta ya pilau. Ukweli ni kwamba kwenye chuo cha Kurani, kwa maalimu, tulikuwa watoto arobaini, kila mmoja anasoma aya yake kwa sauti yake, wote kwa pamoja, na kichwa changu kilikuwa kama gunia la misumari linalotikiswa. Nikawa natoroka. Mahali pa karibu palikuwa baraza la fundi mmoja mzee, na cherehani yake ilikuwa na mlio mmoja tu, unaorudi uleule. Nikikaa pale ile misumari inatulia. Ndiyo mapenzi yangu ya kazi hayo. Na kwenye harusi, kama umewahi kujiuliza kwa nini baba yako hula nje karibu na wapishi, si unyenyekevu. Sivumilii mlio wa watu mia wakitafuna. Mama yako amekuwa akiniuliza miaka yote, "Huyu mtoto umemtoa wapi kama si kwako?" na mimi nikimjibu kwamba upande wake ndiko kuna watu wa ajabu. Mjomba wako anasaidia sana hoja hiyo, lakini nadhani nimeshindwa kesi.

Ndipo tulipoingia kwenye ule uongo wa sikio. Huu unaujua nusu. Ulipopata nafasi ya sekondari, mkurugenzi, yaani mkuu wa shule, aliniita kwa sababu wiki ya kwanza ulikuwa hujibu ukiitwa, na zamu za usafi ulizikosea zote. Nilikwenda na suti yangu ya kijivu. Yule mzee alikuwa mtu mwema, Kiswahili chake cha kuokoteza kama Kifaransa changu.

"Baba Hadija, mutoto iko na shida gani?"

Hadija, ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Lakini nilikuwa na suti.

"Sikio," nikasema.

"Sikio gani?"

"La kushoto."

"Na ya kuume?"

"Linajitahidi."

Akaandika kwenye faili. Nikatoka nimefurahi, nimeshapata jina la jambo lako, na watu wataacha kukuita mvivu. Kuanzia Jumatatu walimu wote walikukalisha mbele wakawa wanakupigia kelele upande wa kushoto. Wewe, ambaye mlango ukifungwa kwa nguvu unashika kichwa. Mwaka baada ya mwaka. Ulikuwa unarudi jioni unaingia chini ya meza ya kukatia, msichana wa miaka kumi na saba, unakaa pale mpaka magharibi, na mimi nashona juu yako nikijiuliza shule inamfanyia nini mtoto huyu. Shule ilikuwa inafanya nilichoiambia.

Kwa hiyo unaona kwa nini nikiuona mstari wa fomu naweka kalamu chini. Na si kwa sababu ya sikio peke yake. Nchi hii, unaijua, ina tabia ya kumwandika mtu kwenye karatasi kisha kuisoma karatasi badala ya mtu. Tangu vita vianze kule kaskazini, na vizuizi kuongezeka barabarani, nimeona watu wakishushwa kwenye gari kwa neno moja lililo kwenye kitambulisho, neno la kabila ambalo hawakulichagua. Kesho utapita vizuizi hivyo. Nikafikiri, je, nimwongezee mwanangu neno jingine? Halafu nikafikiri tena, kwamba bila neno hilo atalala bweni la watu kumi na wawili na redio tatu, na mwezi wa pili atakuwa amerudi chini ya meza yangu. Nimekwenda mbele na nyuma namna hiyo wiki nzima. Mama yako anasema nimepauka.

Sina jibu safi. Nina vipande tu, na wewe ndiye hodari wa kupanga vipande.

Nimeona, kwa mfano, kwamba kazi ikiwa mbele ya macho yako hakuna wa kukushinda, na ikiwa inasemwa tu hewani inakumwagikia kama maji. Basi mhadhiri akisema, mwombe aandike, au mwombe mwenzako daftari lake jioni. Usiombe kama mtu anayeomba radhi. Mteja akija kwangu na bega moja limeshuka simwambii apandishe bega; nakata koti linalolingana na bega lake, na mtu akilivaa hakuna anayejua. Hiyo si huruma. Ndiyo kazi yenyewe. Nimechelewa sana kuona kwamba hata mtu anayefundisha anaweza kuombwa kitu cha namna hiyo, na kwamba wengine hufurahi kuombwa, kwa sababu na wao huwa hawajui waanzie wapi.

Nimeona pia kwamba mahali papya pakikupokea pakiwa patupu, pakijaa watu unapavumilia. Ulipoanza sekondari ulinivuta Jumapili tukaenda kutazama madarasa yamefungwa, nikadhani ni upuuzi, nikakaa nje nikinung'unika. Hukuwa mpuuzi. Huko chuoni fanya vilevile, wala usimngoje mzee anayenung'unika. Na kula. Siku ukizama kwenye hesabu zako unasahau kula, halafu unadhani dunia imeharibika kumbe ni tumbo. Hili nimemwibia mama yako. Aliniambia niliandike kwa herufi kubwa, nimekataa.

Haya. Ile suruali nimeipiga pasi miguu yote, imebaki sehemu ya juu.

Unamkumbuka Mwalimu Veneranda, wa hesabu. Ulipokuwa mwaka wa nne wa sekondari alikuja hapa dukani nimpunguzie sketi. Wewe ulikuwa mezani, mgongo mlangoni, unafanya hesabu kwa chaki kwenye karatasi ya kaki ya kukatia, hukujua ameingia. Alisimama nyuma yako muda mrefu. Halafu akasema polepole sana, karibu kunong'ona, "Hadija, mustari wa tatu, umesahau alama." Ukasahihisha bila kugeuka. Ulidhani ni mimi, labda, ingawa mimi na alama za hesabu hatujawahi kujuana.

Alinivuta nje. "Baba Hadija, hii mutoto haiko kiziwi."

"Lile la kushoto, mwalimu."

"Nimesimama kushoto."

Nikamwambia yote. Hakunicheka wala hakunigombeza. Aliuliza tu vitu: anakaa wapi akifanya vizuri, nani anakuwa karibu, cherehani zinamsumbua, kwa nini hazimsumbui. Hakuuliza hata mara moja ugonjwa wako unaitwaje. Kisha akasema mtihani wa mwisho wa mwaka uko karibu, maswali husomwa kwa sauti ukumbini wanafunzi wakaandika, na wewe pale hutaweza. Akasema kuna stoo ya chaki kando ya ofisi, ina dirisha na meza. Atakuandikia maswali kwenye karatasi, ufanye huko. Alikuwa ameshaongea na mkurugenzi. Ila mkurugenzi anataka baba aje, kabla ya mtihani kuanza, aseme mwenyewe kwamba habari ya sikio si kweli, ili faili lirekebishwe na walimu waache kukupigia kelele. "Dakika kumi tu, Baba Hadija." Nikamwahidi.

Kilichotokea siku ya mtihani sijakwambia wewe, wala mama yako.

Nilivaa ile suti ya kijivu. Nilifika mpaka getini. Kupitia dirisha nilimwona mkurugenzi ameketi, faili mbele yake, na Mwalimu Veneranda amesimama mlangoni anatazama njia. Kulikuwa na wazazi wengine watatu kwenye benchi, wawili ni wateja wangu. Nikafikiri, nitaingia hapo niseme mbele ya watu hawa kwamba mimi, fundi Rajabu, nilimdanganya mkuu wa shule kwa sababu nilikuwa nimevaa vizuri. Nikageuka. Nikarudi dukani nikavua koti, nikachukua gauni la mtu nikafumua pindo ambalo halikuwa na kosa.

Wakakupeleka ukumbini na wenzako. Kabla ya adhuhuri nilikuona unashuka barabara, viatu mkononi, sare imelowa shingoni kwa jasho. Nilijua. Ulisimama hapo mlangoni ukaniuliza, "Baba, mimi ni mjinga?"

Nikasema, "Hukusoma vya kutosha." Kisha nikachukua uzi nikawa nautia kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi, ili nisikutazame.

Ukarudia mwaka. Jioni zote za mwaka ule ulisoma mpaka macho yakavimba, kwa sababu nilikwambia hukusoma. Ulikuwa umesoma.

Mwaka uliofuata Mwalimu Veneranda hakuningoja. Alimwambia mkurugenzi kwamba mwanafunzi asiyesikia lazima apewe maswali kwa maandishi, mahali pa peke yake, na mkurugenzi akakubali kwa sababu sikuwa nimekuja kukanusha, na faili bado lilisema hivyo. Alipita hapa kuchukua gauni, akaniambia, "Uongo yako nimeipatia kazi. Sasa wewe umwambie Hadija kwa nini namuweka kule. Asifikiri ni mimi namfungia." Nikamwahidi tena. Wewe ukarudi siku ile ukasema, "Wamenifungia stoo kwa sababu nimerudia mwaka," na mimi nikanyamaza, kwa sababu kukueleza stoo kungekuwa kukueleza geti. Ukafaulu mtihani huo, na mitihani yote baada yake ukaifanyia mle, na miaka yote hii umebeba kile chumba kama adhabu. Haikuwa adhabu, Hadija. Alikifagia kile chumba mwenyewe asubuhi kabla hujafika. Nilimwona na ufagio, kwa sababu siku hiyo pia nilifika mpaka getini.

Ule mstari wa fomu nimeuacha wazi. Fomu na kalamu ziko kwenye mfuko wa kulia wa sweta. Mimi nilishakujibia mara moja, kwa mkurugenzi, na umeona nilichojibu. Safari hii andika wewe, au usiandike, lakini usikatae kile chumba kwa sababu ya uongo wangu.

Jina langu naliweka hapa chini, mahali ambapo halitakuwasha.

Baba yako,
Rajabu